Mwendo wa Thelathini

Nchagwa Magige alikuwa mwoga, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo, maana hata yeye mwenyewe hakulificha. Aliogopa radi. Aliogopa mto ukibadilika rangi. Aliogopa mbwa wa watu wengine, na zaidi ya vyote aliliogopa gari alilokuwa akiliendesha kila siku. Madereva wa malori ya mahindi walimcheka kule Kehancha, wakamuuliza kama ile Landrova ya misheni ni gari au ni yai. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akaingia chini ya gari kukaza nati aliyokuwa ameikaza asubuhi hiyo hiyo.

Msimcheke na nyinyi. Zahanati aliyoifanyia kazi ilikuwa nje kidogo ya Kegonga, mlimani, na kila mwezi ililetewa pipa moja tu la petroli. Pipa likiisha, limeisha. Wagonjwa hawakujua habari za pipa, wao waliugua walivyoweza, na kila aliyezidiwa alipakiwa nyuma ya Landrova na roho yake ikawekwa mikononi mwa Nchagwa. Iliwahi kumwishia petroli mara moja, karibu na Ntimaru, akiwa na mzee aliyevunjika mguu. Yule mzee alimtazama kwa saa tatu nzima bila kumwambia neno. Nchagwa alisema baadaye kwamba ingekuwa afadhali atukanwe.

Ndiyo sababu mwaka wa sitini, wakati wa kiangazi, alianza kujiuliza swali ambalo wenzake hawakuwa na haja nalo. Gari hili hunywa kidogo likienda mwendo gani? Wapo waliomwambia aende mbio, kwa kuwa anayewahi kufika huzima injini mapema. Wapo waliomwambia atambae. Nchagwa hakuwaamini hawa wala wale, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupima.

Yeye alipima. Alichukua chupa ya dawa ya painti moja, yaani sehemu ya nane ya galoni, na mpira mwembamba wa zahanati, ambao Sista Jedidah, muuguzi wa pale, alimpa kwa sharti kwamba asithubutu kuurudisha. Aliifunga chupa juu kwenye fremu ya kioo cha mbele, akaupitisha mpira chini ya boneti mpaka kwenye kabureta, akafunga njia ya tangi ili injini inywe kutoka kwenye chupa peke yake. Kisha alishuka hadi ile barabara iliyonyooka chini ya Kehancha, akaendesha kwa mwendo mmoja bila kuongeza wala kupunguza mpaka chupa ikakauka na injini ikakohoa ikazima. Akasoma maili. Akajaza tena, akageuza gari, akarudi alikotoka kwa mwendo ule ule, ili mteremko na upepo visimdanganye. Muda wote huo ndoo ya mchanga ilikuwa kando ya goti lake, maana alikuwa na hakika kwamba ile chupa ingeshika moto na yeye angekufa akiwa ameketi.

Kazi hiyo ilimchukua Jumapili nne. Kwa mwendo wa arobaini na tano, painti moja ilimpeleka maili mbili kasoro kidogo. Kwa ishirini, injini ililalamika kwenye gia ndogo na ikanywa vile vile. Lakini kwa maili thelathini kwa saa, katika gia ya juu, mguu ukigusa tu, painti moja ilimpeleka maili mbili na zaidi ya nusu. Aliyaandika hayo kwa kalamu ya risasi kwenye bati la mlango, kwa ndani. Sista Jedidah, ambaye alikuwa Mjaluo wa Oyugis na hakuwa na adabu kubwa kwa madereva, aliyasoma akamwambia, "Sasa umejipatia kitu kipya cha kuogopa." Alisema kweli. Tangu siku hiyo Nchagwa aliogopa kila mwendo ambao haukuwa thelathini.

Halafu zikaja mvua za mwaka wa sitini na moja, ambazo watu wa huku wanazikumbuka mpaka leo. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, ziwa likapanda likaingia mashambani, madaraja yakaenda na maji, na malori ya petroli yakakaa huko yalikokaa. Pipa la zahanati lilibaki na tope la chini tu.

Asubuhi moja ya Novemba Susana, mke wa Nchagwa, alishuka kitandani akakuta amesimama kwenye damu yake. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Walikuwa na mtoto mmoja tayari, msichana wa miaka mitatu aitwaye Boke, na Boke alikuwa amezaliwa kwa urahisi, kwa hiyo hapo kwanza Susana alidhani ni jambo la kupita. Hakuna maumivu, alisema. Ni damu tu. Nchagwa alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na alipofika shati lake lilikuwa limelowa nyuma mpaka kiunoni.

Sista Jedidah hakukaa na Susana muda mrefu ndani. Alitoka akifuta mikono. "Kondo ya nyuma ndiyo imekaa mlangoni," alisema. "Mtoto hana pa kupita. Kila akisukuma, mama anamwaga damu. Hii si kazi yangu, Dereva, hii ni ya kisu."

"Kisii?"

"Daraja ya Kisii imeenda na maji. Daktari wa kupasua yuko Homa Bay. Leo, si kesho."

Nchagwa aliinua kiti cha Landrova, akafungua tangi, akaingiza kijiti chake chenye alama. Kijiti kilitoka kimelowa mpaka kwenye alama ya galoni tatu na nusu, au tuseme kasoro kidogo. Kutoka Kegonga mpaka Homa Bay ni karibu maili sabini. Kwa mwendo wa thelathini petroli ile ingempeleka maili sabini na tatu. Kwa mwendo wa arobaini na tano ingemwacha njiani baada ya hamsini na tano, na mke wake akitokwa na damu nyuma ya turubai. Na hata hizo sabini na tatu zilikuwa za barabara kavu na gari tupu. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu hesabu ilikuwa yake.

Walimlaza Susana kwenye godoro nyuma, juu ya machela ya zahanati, turubai likafungwa kuzuia mvua. Sista Jedidah akaketi kando yake. Kati yao na dereva kulikuwa na kidirisha kidogo tu. Nchagwa aliona kipande cha blanketi na mkono wa mke wake. Alitaka kumwambia kitu, lakini kila alichokifikiria kilikuwa kitu cha kumwambia mtu anayeaga, akaona heri anyamaze. Akawasha gari.

Mpaka Kehancha alishuka milima roho ikiwa juu. Kwenye miteremko alitamani kuzima injini ateleze bure, lakini stata ilikuwa mbovu, na akiizima na ikakataa kuwaka? Kwa hiyo aliiacha iungurume, na kila mngurumo aliuhesabu. Baada ya Kehancha, bondeni, gari liliingia kwenye tope likakaa.

Tope lile lilikuwa na wenyewe. Msimu huo, kila mahali pabaya katika nchi ya Wakuria, vijana wenye mapanga walikaa kando wakingoja magari. Walikata matawi mabichi, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma. Nchagwa alikanyaga mafuta na magurudumu yakazunguka bure, yakitupa matope na kula petroli, na yeye alihisi kama anakunywa mwenyewe damu ya mke wake. Mara ya nne gari likatoka. Mmoja wa wale vijana akamrundikia matawi yaliyobaki. "Beba," alisema, "huko mbele kuna lingine." Nchagwa aliyafunga kwa kamba ya katani kwenye bampa ya mbele, mengine akayafunga juu ya paa. Madereva wote wa upande wetu walifanya vivyo hivyo mwezi ule, na hakuna aliyemtazama mtu mara mbili kwa sababu ya matawi.

Migori walikuta bomba la petroli limefunikwa gunia. Mwangalizi wake, Kerosi, Mkisii mrefu aliyefahamiana na Nchagwa, alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Alipoona nyuma ya gari kuna nini, aliingia ndani akatoka na nusu chupa ya soda ya petroli aliyokuwa akisafishia vyuma. Akaimimina mwenyewe tangini.

"Imebaki ngapi?" akauliza.

Nchagwa akaingiza kijiti. "Galoni mbili."

"Na ni maili ngapi?"

"Arobaini."

Kerosi hakuzijua hesabu za bati la mlango, lakini aliujua uso wa mtu.

Basi wakaondoka Migori, mvua imekatika, jua limetoka kali. Mshale wa mwendo ulisimama kwenye thelathini na Nchagwa hakuuondolea macho ila kutazama barabara. Jasho lilimtoka mpaka likaingia machoni. Awendo wakaipita. Susana alikuwa akiguna mara moja moja, na kila alipoguna mguu wa Nchagwa ulitaka kushuka wenyewe, akauzuia. Si rahisi jambo hilo. Mtu anakufa nyuma yako, barabara iko wazi mbele yako, na wewe unaenda kama mtu aliyetumwa chumvi.

"Dereva," Sista Jedidah alisema kidirishani, "hii ndiyo mwendo yako?"

"Nikiongeza hatufiki, Sista."

"Na usipoongeza?"

Nchagwa alikuwa akisikiliza kabureta.

Ni karibu na Rongo alipoanza kuwaona watu. Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli alishuka, akavua kofia, akasimama kando mpaka gari likapita. Nchagwa akadhani ni heshima kwa gari la misheni. Mbele kidogo wanaume waliokuwa wakilima waliacha majembe yao wakasimama wima. Walipokata kona ya Rongo na kuingia njia ya Homa Bay, mwanamke mmoja alitoka kwenye boma mbio, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi mrefu. Mwingine akamjibu ng'ambo ya bonde. Nchagwa hakujua wanalia nini, na hakutaka kujua.

Kilio kilianza kuwatangulia. Kila boma walilolifikia, watu walikuwa wameshatoka. Nchagwa alifikiri labda kuna mkubwa wa hapo amekufa. Kisha akamwona mama mmoja anamtazama yeye, anatazama turubai, anaanguka chini kwenye majani akijigaragaza.

"Sista," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "hawa wanamlilia nani?"

Sista Jedidah alikuwa amefungiwa nyuma ya turubai haoni mbele. Alitega sikio. "Dereva," akasema polepole, "umefunga nini mbele ya gari?"

"Matawi. Ya tope."

"Mungu wangu." Akashusha sauti. "Huku kwetu gari yenye majani mbele inarudisha maiti. Watu wetu wakifia Kericho kwenye mashamba ya chai, wanaletwa hivyo nyumbani. Majani mbele, na mwendo ya pole. Wanatulilia sisi."

Nchagwa alitaka kusimama ayang'oe. Lakini kusimama ni kuanza tena kwa gia ya kwanza, na gia ya kwanza hunywa kuliko zote. Akasema moyoni, wacha walie, kilio hakiui. Akaendelea na thelathini yake, kilio kikienda nao pande zote mbili za barabara, na mkono wa Susana aliouona kidirishani ulikuwa umeacha kukunja na kukunjua vidole. Alitaka kuuliza. Aliogopa jibu, akarudisha macho kwenye mshale.

Walipofika mji mdogo wa Rodi, ilikuwa siku ya soko la ng'ombe. Habari ilikuwa imewafikia, sijui kwa miguu ya nani, na barabara ilikuwa imefungwa na watu. Hapo hakuna dereva ambaye angepita. Nchagwa alisimamisha gari, injini ikiunguruma, na wanawake wakalizunguka wakigonga bati kwa viganja na kulia. Mwanamume mmoja mwenye koti kuukuu la jeshi, Cephas jina lake kama walivyojua baadaye, aliinama dirishani akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Pole, ndugu yangu. Huyu ni wa kwa nani?"

Ni Sista Jedidah aliyeinua turubai akatoa kichwa nje, akawapigia kelele kwa Kijaluo, "Ongima! Ongima!" Yaani yu hai. Alilirudia mpaka sauti ikakwaruza. Kilio kilikatika upande mmoja, kikaendelea upande mwingine, kisha nacho kikakatika. Cephas aliifahamu hali kabla ya wengine. Alizunguka mbele akayakwanyua matawi kwa mikono miwili, akayatupa mtaroni, akaanza kuwasukuma watu kwa mabega yake wafungue njia.

Dakika tano zilipita pale, injini inakunywa bure. Zilikuwa zimebaki maili nane. Nchagwa aligeuka kidirishani. Sista Jedidah alikuwa amemfunika Susana mpaka usoni kwa ajili ya macho ya watu, na vidole vyake vilikuwa kwenye shingo ya Susana, vinatafuta, vinahama, vinatafuta tena.

"Siupati mshipa," alisema. Si kwa hofu. Aliyasema kama mtu anayezungumza peke yake, na ndiyo maana yalimwingia Nchagwa mpaka mifupani.

Hapo ndipo aliposahau Jumapili nne, na chupa, na bati la mlango. Sitasema alipiga moyo konde. Mtu aliyepiga moyo konde huwa ameamua mwenyewe. Yeye hofu ilimshinda tu, kama inavyomshinda mtu anayekimbia nyuki, na mguu ukashuka mpaka chini. Mshale ukapita thelathini, ukapita arobaini, ukagusa hamsini. Landrova iliruka mashimo ikatua kwa kishindo, mitungi ya dawa ikagongana, Sista akapiga kelele ambayo hakuisikiliza. Alikuwa akilia. Alijua kabisa anachokifanya kwa ile petroli, alikuwa anaona kila painti ikimwagika, na hakuweza kuuinua mguu.

Injini ilikohoa mara ya kwanza pale ambapo ziwa linaonekana. Ikakohoa tena, ikazima. Gari liliteremka kimya kwa uzito wake, likapita nyumba za kwanza za Homa Bay, likapunguza, likapunguza zaidi, likasimama kwenye tambarare nusu maili kutoka hospitali.

Waliomchukua Susana ni watu waliokuwa wakipita, wanaume wawili na akina mama waliotoka kuuza samaki. Walishika machela, na Sista Jedidah akaenda pembeni yao akikimbia, gauni limelowa damu. Barabara ya pale ilikuwa imeliwa na maji, ikawabidi wapande na kushuka. Nchagwa hakwenda nao. Aliinua kiti cha dereva akaingiza kijiti tangini akakitoa kikavu, akakiingiza tena, akakitoa kikavu. Alikaa hivyo mpaka Sista aliporudi kumtafuta, saa nane za mchana.

Susana alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, Sista alisema, kisha hakulia tena.

Nchagwa alimzika mtoto kesho yake, na baada ya hapo hesabu ikamshika. Alihesabu akila, akahesabu akilala. Kutoka Rodi alikuwa ameokoa dakika tano kwa kukimbia. Kwa kubebwa nusu maili ile mke wake alipoteza dakika kumi na tano. Angeshikilia thelathini, petroli ingemfikisha mlangoni na akabakiza, na pengine msichana wake angelia mara ya pili. Hakumwambia mtu yeyote. Alikwenda Homa Bay mara mbili kumtazama Susana, kwa lori la watu, akasimama kando ya kitanda akaongea habari za Boke na za mahindi yaliyoozea shambani, akaondoka kabla hajaulizwa kitu. Alimwogopa mke wake kuliko alivyoogopa radi.

Wiki ya nne malori ya petroli yakapita, na zahanati ikamtuma akamchukue Susana pamoja na Landrova iliyoachwa kule. Walikuwa wawili tu garini. Susana aliketi mbele, mwembamba, leso amejifunga mabegani. Barabara ilikuwa imekauka. Nchagwa alifikiria kidonda cha mke wake, akaweka mwendo wake wa thelathini, taratibu, sawasawa.

Walikuwa hawajafika Rodi alipoona Susana ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, uso umelowa jasho.

"Baba Boke," alisema, "usiende hivi."

"Nakutunza kidonda."

"Usiende hivi. Ni kama siku ile."

Nchagwa hakujua afanye nini na mguu wake. Susana alikuwa akitazama mbele tu.

"Niliwasikia wale wanawake," alisema. "Kijaluo sikijui, lakini kilio nakijua. Gari inaenda pole, haiongezi, haipunguzi. Sista amenifunika uso. Na wewe kimya. Nilingoja uniite jina hata mara moja, hukuniita. Nikasema, basi, kumbe ndivyo inavyokuwa. Mtu anakufa na masikio yanabaki."

"Susana."

"Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa najiuliza tu nani atamwogesha Boke. Halafu gari ikaruka, kichwa changu kikagonga bati. Ikaruka tena. Ukapiga hizo gia zako mpaka zikalia. Nikasema hapana, maiti haikimbizwi hivi. Hapo ndipo nilijua niko hai. Nikaushika mkono wa Sista nikakataa kuuachia."

Nchagwa angeweza kunyamaza hapo, na mtu mwingine angenyamaza. Lakini ile hesabu ilikuwa imemkaa kifuani wiki nne, na sasa ilitoka yenyewe.

"Petroli iliisha kwa sababu ya huko kukimbia," alisema. "Walikubeba dakika kumi na tano. Mtoto..."

"Najua," Susana alisema. "Sista aliniambia."

Walipita boma moja, wakapita la pili. Watu waliokuwa shambani hawakuinua vichwa.

"Ongeza mwendo, Baba Boke," Susana alisema.

Nchagwa akafuta macho kwa mkono wa shati, akakanyaga mafuta mpaka mshale ukapita arobaini.